Gurudumu la Nyuma Liko Bumula

Kitale,
12 Februari 2025

Mjomba wangu Mukhwana,

Nakusalimu wewe na Anti Peris, pamoja na yule ng'ombe wenu mwenye kiburi. Mimi ni mzima. Mguu umepona kiasi cha kupanda ngazi bila kushika ukuta, na kovu la bega linawasha mvua ikikaribia tu. Mama Rosaline, mwenye nyumba wangu, anawasalimu. Bado ananipa kazi ya kuingiza mauzo ya duka lake la mbegu kwa kompyuta, na amekubali niifanyie hapa nyumbani, kwa hivyo msiwe na wasiwasi kwamba nalala njaa.

Barua hii ameibeba Phelista wa vitunguu. Ulisema ujumbe wa simu hauna harufu ya mtu. Haya, nusa.

Sasa jambo lenyewe. Tangu lile lori linigonge karibu na Misikhu mwezi wa Novemba, sijapanda baiskeli. Nikiwa bado nimelazwa hospitali ya Lugulu ulituma neno na Anti Peris kwamba nisiweke tena gurudumu juu ya lami. Kwetu neno la khocha, ndugu ya mama, halichezewi, nami nimelishika. Lakini miguu inakonda. Kiptanui, kiongozi wa kikundi chetu cha baiskeli, anasema nikikaa hivi mwaka mzima nitakuwa mtu ambaye zamani alikuwa na baiskeli.

Kuna mashine inaitwa trena. Unafunga baiskeli ndani ya nyumba na unaendesha bila kwenda popote. Inaongea na simu: kilima kikitokea kwenye skrini inakuwa nzito miguuni, mteremko ukija inalegea, na inakuonyesha nguvu zako kwa wati. Ziko za aina mbili. Ya kwanza, baiskeli inakaa nzima na tairi la nyuma linazunguka juu ya rola. Ya pili, unatoa gurudumu la nyuma kabisa, na cheni inakaa moja kwa moja kwenye gia za mashine. Ya kwanza ni rahisi kufunga. Ya pili haina kelele nyingi, haili tairi, na wati zake hazidanganyi. Naomba ruhusa yako, na shauri pia.

Anti Peris alikuja Lugulu peke yake. Alisema goti lako linauma. Natumaini limepoa.

Mtoto wa dada yako,
Nabwile


Bumula,
2 Machi 2025

Nabwile binti Nangila,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, wewe sikukusikia. Sisi hapa tuko salama. Ng'ombe mwenye kiburi amezaa dume lenye kiburi zaidi. Anti yako ameingia kwaya ya akina mama na sasa anaimba hata akikamua, maziwa yamepungua nadhani kwa sababu hiyo. Goti langu bado ni lile lile, ndiyo maana sisafiri. Tuache hapo.

Nimeisoma habari ya mashine mpaka karatasi imelegea. Unajua nilifanya kazi kwenye mizani ya malori mpaka nywele zikageuka rangi. Nimeona trela zikishuka na magurudumu yanayotoa moshi, na dereva mwenye macho mekundu ananiambia, "Mzee, nipimie haraka, nimechelewa." Wengine huogopa chui ambaye hawajawahi kumwona. Mimi naogopa kitu nilichokipima kwa mikono yangu. Tangu Novemba, kila simu ikilia namwambia Anti ashike yeye. Kwa hivyo uliposema kuna baiskeli isiyoenda popote, moyo wangu ulikaa kitako kwa mara ya kwanza.

Lakini ile ya rola siitaki. Baiskeli nzima ndani ya nyumba ni jogoo aliyefungwa mguu, kamba ikilegea kidogo tu yuko barabarani. Nakujua wewe. Siku moja jua litatoka vizuri, Kiptanui atapiga kengele nje, utaishusha kwa rola uende. Nunua ile ya kutoa gurudumu, na hilo gurudumu ulitume kwangu nilikalie. Baiskeli yenye mguu mmoja haifiki Misikhu.

Hilo ndilo sharti langu. Ukilikubali, mashine ina baraka yangu yote.

Mjomba wako,
Mukhwana


Kitale,
23 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa wimbo wa ng'ombe. Mvua imeanza hapa na watu wote wanakimbilia mbegu, Mama Rosaline hana wakati hata wa kunigombeza. Anasema wakulima wa mwaka huu wanabishana na pakiti.

Sharti lako nimelikubali. Phelista anakuletea gurudumu ndani ya gunia. Usishtuke ukiliona liko uchi, gia zake tumezitoa. Kupata hii mashine kumekuwa hadithi. Kiptanui aliipata Eldoret kwa mkimbiaji mmoja aliyekuwa akiitumia mguu ukiuma, sasa amepona na amerudi kukimbia. Ya kwanza tuliyoletewa haikukubali baiskeli yangu, kwa sababu ekseli yangu, kile chuma cha katikati ya gurudumu, ni ile nene ya kupenya fremu na ile mashine ilitengenezewa nyembamba. Kiptanui aliizunguka akikuna kichwa, kisha akasema, "Hii ni kama kuvalisha ng'ombe viatu ya mbuzi, bana." Akairudisha. Ya pili ikakaa sawa, ila haikuwa na gia, ndipo tukachukua zile za gurudumu langu.

Ni nzito kama mfuko wa mbolea, lakini ikizunguka inavuma tu kama friji. Nilikuwa nimeiweka sebuleni upande wa barabara, nikaihamishia chumba cha nyuma. Sebule ina kelele.

Kitu kimoja tu. Mara nyingine inakaza ghafla mpaka miguu inasimama kabisa. Nadhani ni stima, umeme wa hapa kwetu unapotea ovyo.

Wako,
Nabwile


Bumula,
6 Aprili 2025

Nabwile,

Natumaini stima zimetulia. Hapa tumepanda, na yule ndama ameng'oa mstari mzima wa maharagwe ya jirani, kwa hivyo siku hizi tunasalimiana naye kwa mbali.

Gurudumu limefika. Nimelitundika ukutani sebuleni, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya mama yako. Wageni wanaliangalia wakidhani ni saa iliyokufa. Siku ya kulitundika nililishika mbele ya Anti yako nikasema: gurudumu hili halitatoka nyumba hii ila kwa mkono wangu mwenyewe. Anti aliniangalia vibaya sana. Alisema mzee wa kanisa hatamkii chuma maneno ya namna hiyo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno la khocha halirudishwi na mtu mwingine, hata mke wake.

Umelikubali sharti upesi. Nilijiandaa kwa vita na nikakosa adui.

Sasa sikia. Jumamosi tarehe 26 tunamkumbuka mama yako hapa nyumbani na kuweka jiwe kwenye kaburi lake. Wewe ndiwe mtoto wake wa pekee, na jiwe haliwekwi bila mkono wako. Njoo Ijumaa, panda gari zuri lenye dereva mtu mzima, ukae kiti cha nyuma. Anti atakuchinjia kuku.

Mjomba wako,
Mukhwana


Kitale,
4 Mei 2025

Mjomba na Anti,

Salamu nyingi. Najua hamkulala vizuri kwa sababu yangu. Nilitaka kuja. Wiki ile duka lilikuwa na kazi nyingi, halafu mvua ikanyesha, halafu mguu ukavimba kidogo. Ijumaa nilivaa kabisa, hata mfuko ulikuwa mkononi. Naomba mniwie radhi. Naambiwa mliacha jiwe kando ya kaburi, mkaimba, mkala.

Mashine inaendelea vizuri. Wati zangu zimepita za mwaka jana. Kiptanui alikuja akaangalia akapiga mluzi. Kwa simu nimepanda milima ya nchi ambazo siwezi kutamka majina yake, na kwenye barabara hizo hakuna lori hata moja. Nimewatumia majani ya chai na mbegu za sukuma wiki.

Nisameheni.

Nabwile


Bumula,
25 Mei 2025

Nabwile,

Sitaanza na ng'ombe leo.

Jiwe la mama yako liko kando ya kaburi, limeegemea ua, mvua inalinyeshea. Watu waliniuliza uko wapi na nikasema uongo mbele ya pasta. Nilikasirika hadi nikaanza kukuandikia barua ambayo Anti ameichoma jikoni, na nashukuru ameichoma.

Kisha Phelista akapita hapa kuchukua mzigo. Nikamwambia akukaripie kwa niaba yangu. Akaweka kikapu chini, akasema: "Mzee, wacha nikwambie. Huyo msichana yako hatoki. Barua nampatia kwa kadirisha ya lango. Sukuma ananunuliwa na Rosaline, sabuni ananunuliwa na Rosaline. Nikamwambia si utoke tu tusalimiane, akaniambia ako na kazi. Na rori ikipita hapo, bana, unaona tu ile mkono yake inarudi ndani."

Sijala tangu aseme hivyo. Nimekaa na kulitazama hili gurudumu ukutani. Nilidhani nimekuzuia usikimbilie barabara. Niambie ukweli, mtoto wa Nangila. Tangu lini hujavuka lango? Duka halikukuzuia kuja, wala mvua, wala mguu. Unaogopa?

Sitakucheka. Nijibu upesi, kwa sababu sasa nimeanza kuogopa kitu ambacho sijui kukipima.

Mjomba wako


Kitale,
8 Juni 2025

Mjomba,

Salamu. Mama Rosaline ni mzima. Basi.

Ndiyo, naogopa. Sijavuka lango tangu waniteremshe hapa kutoka hospitalini. Kila asubuhi naoga, nafunga viatu, nashika komeo. Halafu barabara inanguruma na mkono unarudi wenyewe kama alivyosema Phelista. Ijumaa ile ya kuja kwa jiwe la mama nilisimama pale na mfuko mpaka mkono ukafa ganzi, na gari nililoliita likapiga honi likachoka likaenda.

Na ile mashine haikukazwa na stima, nilikudanganya. Unaiambia ishikilie wati fulani, nayo inashikilia. Ukilegeza miguu haikuhurumii. Inaona umepunguza mzunguko, inaongeza uzito ili upate zile wati zile zile. Ukilegea zaidi inakaza zaidi, mpaka unasimama kama aliyekanyaga matope. Kiptanui anasema dawa ni kuzungusha upesi kabla haijakukamata, ukishakamatwa umekwisha. Lori likipita nje mimi nalisikia kwa sakafu kabla ya masikio, hata huku chumba cha nyuma. Miguu inalegea, mashine inakaza. Hata langoni iko hivyo. Kila siku ninayokosa kutoka, siku ya kesho yake inakuwa nzito zaidi, na sasa nimesimama kabisa. Naogopa nitazeekea humu ndani nikiwa na miguu ya kushinda mbio.

Ulipoliomba gurudumu ulidhani unaninyima kitu. Mjomba, nililia kwa furaha. Ulikuwa umenipa sababu. Kila anayeniuliza mbona sionekani barabarani, namwambia mjomba amekataa.

Sasa na mimi nikuulize, na usinitajie goti. Kutoka Bumula mpaka Lugulu watu wanaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nililala pale nikiangalia mlango. Kila mtu mwenye kofia aliyeingia nilidhani ni wewe. Mbona hukuja?

Nabwile


Bumula,
29 Juni 2025

Mtoto wangu,

Nimechelewa kujibu. Phelista amepita hapa akiuliza barua nami nikimwambia bado, mpaka ameanza kuniangalia kama mgonjwa.

Goti langu ni zima.

Siku tulipopigiwa simu nilivaa koti, nikafika stendi ya Kanduyi, nikaketi garini karibu na dirisha. Trela ikaja ikasimama ubavuni mwetu. Gurudumu lake lilikuwa pale, nje ya kioo, na tope jekundu. Nikaanza kuwaza ni uzito gani uliopita karibu na kichwa chako. Kazi yangu yote ilikuwa kujua uzito, Nabwile, na siku ile nilijua sana. Niliteremka. Nilimwambia Anti yako ni goti, akaenda yeye. Tangu siku hiyo sijapita mji wa Bungoma. Mimi niliyekuwa nikiinua mkono lori likasimama, siku hizi natumwa dukani napitia mashambani.

Nilikukataza barabara, kumbe nilikuwa natafuta mtu wa kukaa ndani pamoja nami.

Anti amesoma barua yako. Hakuimba siku nzima. Jioni aliniambia, "Ulitamka mwenyewe, utalipeleka mwenyewe." Ana haki. Siwezi kumpa Phelista, kwa sababu neno langu linanifunga hata mimi. Jumamosi tarehe 12 Julai nitaliteremsha ukutani na kuja nalo Kitale. Lakini sitaingia ndani kwako. Nitasimama nje ya lango na wewe utatoka ulipokee, maana ukilipokelea ndani litakuwa pambo.

Ukiona jua limefika utosini na sijatokea, ujue nimeshuka tena Kanduyi. Usinichukie. Niombee.

Mjomba wako,
Mukhwana


Kanduyi,
23 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Nakusalimu, na nyumba yako yote, na lile dume la kung'oa maharagwe ya jirani. Mama Rosaline anasema ukija tena uje na viatu vya kubadilisha, umemwachia tope la mtaroni kwenye zulia.

Phelista ananiambia unawasimulia watu wa kanisa kwamba ulikuja Kitale ukanitoa ndani ya nyumba kwa mkono. Anti alikuwa nyumbani na hakuona. Wacha niandike mambo yalivyokuwa, mbele za Mungu.

Nilikuwa nyuma ya lango tangu asubuhi, jicho kwenye tundu. Nilikuona ukiteremka garini upande wa pili wa barabara na gunia kifuani. Nilijua umelishinda lililo gumu, umepita Misikhu. Ulibakiwa na kuvuka tu. Lori la mahindi likapita, ukarudi nyuma. Barabara ikawa tupu, hata kuku na vifaranga wangevuka, na wewe hukuvuka. Ulikuwa umefumba macho. Kofia imeanguka, hukuiokota. Lori lingine likasikika kwenye kona, ukaanza kwenda kinyumenyume kuelekea mtaro huku umekumbatia hilo gunia, nikakuita na hukusikia.

Sikumbuki kufungua komeo. Nakumbuka lami ilikuwa moto, kwa sababu sikuwa na viatu. Usiwaambie watu kwamba nilipata ujasiri. Niliogopa vile vile, ila nilikuogopea wewe, na kumbe mtu akiogopa hivyo miguu haisimami. Ulipokuwa mguu mmoja mtaroni nilikushika mkono. Ukasema, "Nabwile, ngoja ipite." Nikasema, "Imeshapita, Khocha. Hakuna kitu kinakuja." Tulivuka tumeshikana mikono, na mpaka leo sijui nani alimvusha mwenzake. Tukiwa nje ya lango, kama ulivyotaka, ulilitoa gurudumu ukaniwekea mikononi na kusema, "Neno limekwisha." Ndipo ukakubali kuingia ndani.

Gia nimezirudisha. Mashine bado iko chumba cha nyuma, na siku za mvua kubwa naitumia. Barabarani nimeanza polepole na kikundi, Kiptanui nyuma yangu. Naogopa, Mjomba. Juzi lori lilipiga honi nikashuka nikakaa kwenye majani mpaka wenzangu wakarudi kunitafuta. Lakini nimejifunza kuzungusha upesi nikisikia mngurumo, kabla haujanikamata.

Leo Kiptanui amenibeba na pikapu kutoka Kitale. Tulipopita pale Misikhu nilifungua macho. Sasa niko Kanduyi, kwenye stendi uliyoshukia siku ile, naandika nikiwa nimeegemea tandiko la baiskeli. Trela za miwa zinapita. Kutoka hapa mpaka Bumula nitaendesha mwenyewe. Kiptanui atabaki hapa na pikapu, nimemwomba hivyo.

Nikifika nitampa Anti barua hii akuletee ndani. Mimi sitaingia. Jiwe la mama limeegemea ua tangu Aprili, na haliwekwi bila mkono wangu, wala siwezi kuliinua peke yangu.

Kama unaisoma, basi nimefika. Vaa kofia, utoke. Niko nje ya lango.

Nabwile